Tiketi Mbili za Jumamosi

Baba alifika Padova, mji wa ughaibuni ninakosoma, siku ya Alhamisi na sanduku moja, chupa ya karanga za kukaanga, na tiketi mbili za ndege za kurudi nyumbani. Mbili! Yake na yangu. Alizitoa mfukoni kabla hata hajavua kofia, akaziweka juu ya meza ya jikoni kwetu na kuzinyoosha kwa kiganja.

"Jumamosi jioni, mama," akasema. "Kesho unapokea shahada yako, kesho kutwa tunaondoka."

Baba huniita mama kwa sababu nimebeba jina la mama yake, Sido. Kwetu Bafoussam ndivyo ilivyo, na huo ni mtego mtupu, nakwambia. Utambishiaje mzee anayekuita mama?

Lakini nilikuwa na la kumbishia. Nilikuwa nimeshapata nafasi ya shahada ya pili, miaka miwili mingine, palepale Padova, na kila nikiikumbuka ile barua mwili ulinisisimka. Nilimtumia baba habari hiyo mwezi wa tano. Akajibu neno moja tu: "Tutaongea." Huyo ni mwenye shule ya udereva, nusu ya mji wetu wamejifunza gari kwake, na hajawahi kuamua jambo kabla ya kulitazama kwenye kioo cha nyuma mara tatu.

"Baba, ile nafasi niliyokwambia..."

"Nimekuja kuona kwa macho yangu," akanikatiza. "Shule ni nzuri, sikatai. Lakini mtu ni watu. Miaka mitatu uko hapa, una watu? Ukianguka barabarani, nani atakuokota?"

"Ninao, baba! Wamejaa tele!"

Akageuka akaitazama jikoni. Hapakuwa na hata paka.

Jamani, niliona haya mpaka masikioni. Siku zote jikoni ile haikaliki kwa kelele. Tunaishi wasichana wanne, na kiongozi wa vurugu ni Ludovica, binti mrefu wa milimani huko kaskazini, ambaye hawezi kuchemsha hata kahawa bila kuimba. Halafu yuko Boris Kamdem, Mkameruni mwenzangu, hakai kwetu lakini anafungua friji yetu kana kwamba mama yake ndiye aliyeinunua. Lakini tangu Jumanne wote walikuwa wamebadilika. Nikiingia, wananyamaza. Nikiuliza, wanatazama dari. Alhamisi ile Ludovica aliniandikia ujumbe, "Nina shughuli, usinisubiri," na Boris akadai kwamba Ijumaa ana kazi. Kazi! Siku ya shahada yangu, kazi!

Baba akaikamata ile chupa ya karanga.

"Yule msichana aliyekuwa akinipigia simu ulipopasuliwa tumbo," akasema, "yuko wapi? Karanga hizi mama yako kamkaangia yeye. Siku nne mfululizo alipiga. Lugha yake sikuelewa hata chembe, ila alikuwa akipaza sauti: Sido bene, bene! Basi nikajua bado uko hai."

"Ni Ludovica huyo, baba. Bene, yaani mzima. Yuko... ana shughuli kidogo."

"Shughuli," akasema baba. Nikaona mguu wake wa kulia ukikandamiza sakafu taratibu. Nyumbani wote tunaujua mguu huo. Baba akiingiwa na wasiwasi hukanyaga breki, hata kama amekaa kwenye kiti cha kulia chakula.

Sasa kuna jambo sikumwambia, na lilikuwa likinichoma. Padova mtu akipata shahada hapewi pongezi za hivi hivi. Marafiki zake humtengenezea papiro. Ni bango la karatasi refu kuliko mlango, limechorwa sura yake ya kuchekesha, na chini yake wameandika aibu zake zote kwa mashairi, moja baada ya nyingine. Wanamtegea nje, wanambandikia bango ukutani, na lazima alisome kwa sauti mbele ya wapita njia. Akikosea neno, anywe divai. Na muda wote huo wanampiga mayai na unga. Mimi mwenyewe nimeshawapiga watu mayai kwa mkono wangu huu, na shabaha ninayo.

Nilikuwa nalitamani papiro langu kuliko hata hicho cheti. Huenda ndicho walichokuwa wakikificha, nilijiambia. Halafu nikamkumbuka kijana mmoja mgeni tuliyesoma naye, mpole, asiye na neno na mtu. Mwaka jana alipata shahada, akatoka na bahasha yake mkononi, akasimama kituoni peke yake akingoja basi. Wenyeji wana marafiki wa tangu chekechea. Mgeni je? Na ningemwambiaje baba, "Nisubirie, labda rafiki zangu watakuja kunipiga mayai"? Wasipokuja, ni aibu. Wakija, ni aibu vilevile. Nikafunga mdomo wangu.

Ijumaa asubuhi tukashuka ngazi, mimi na gauni jipya, baba na joho lake la buluu lenye nakshi za dhahabu. Pale chini anakaa Bibi Ines, mjane wa miaka themanini na mbili. Kila asubuhi namwamkia, na maji yake ya chupa namletea mimi, maana magoti yake hayamtaki. Siku hiyo nilitaka baba amwone. Nikagonga. Akafungua mlango upana wa kiganja.

"Bibi, huyu ndiye baba yangu!"

"Vizuri, vizuri. Nina haraka," akasema, na mlango akaufunga.

Haraka! Yule bibi anatumia robo saa kuvaa kiatu kimoja.

"Huyo naye ni mtu wako?" baba akauliza.

Nilikaza mwendo.

Kwenye ukumbi tulikuwa wahitimu tisa. Kila mmoja alikuja na ukoo wake mzima, mabibi wanajipepea, maua mpaka sakafuni. Nyuma ya jina langu kulikuwa na baba, amekaa wima katikati ya viti kumi vitupu. Nikapanda jukwaani. Nikaeleza kazi yangu, namna ya kuyaongoza maji ya mvua barabarani yasile lami, na acha nijisifu: niliieleza vizuri! Dakika kumi zilikwisha kama mbili. Mkuu wa jopo akanishika mkono, akanitangazia alama tisini na nane kati ya mia na kumi. Baba akasimama akapiga makofi. Peke yake. Makofi ya mtu mmoja kwenye ukumbi mkubwa yana upweke wake, hata hivyo nilicheka kwa furaha.

Tulipotoka kwenye ua, wenzangu wote walikuwa wameshavishwa mataji ya majani yenye utepe mwekundu. Taji hilo hujinunulii. Huletewa.

"Wenzako wana majani kichwani," baba akasema. "La kwako liko wapi?"

"Labda wamesahau, baba."

Akanishika mkono kama alivyokuwa akinishika nikienda darasa la kwanza, na hapo ndipo nilipojua kwamba hukumu imeshatolewa. Hakuwa na hasira. Alinionea huruma, na huruma ya baba inauma kuliko kiboko.

"Twende tukafunge mizigo, mama."

Tukatoka langoni, tukaingia chini ya matao ya barabara. Hatujafika hatua ishirini, mtu akanidaka kwa nyuma.

"Mkamateni! Asiponyoke!"

Kitambaa kikanifunika macho. Mikono, sijui mingapi, ikaninyanyua juu juu. Nikasikia harufu ya kahawa na ya rangi mbichi, nikasikia mtu anapumua huku akiimba, na haki ya Mungu niliijua mikono ile! Nikapiga yowe. Lilikuwa yowe la raha, jamani, la mtu aliyepata alichokuwa anakililia. Lakini baba angejuaje? Yeye aliona binti yake anakwapuliwa mchana kweupe na kundi la wahuni, naye anapiga kelele.

"Mwacheni! Mwacheni mwanangu!"

Wakanisimamisha juu ya nailoni la mafundi rangi, maana askari wa jiji hawana mzaha na uchafu barabarani. Wakanivika kitu kizito mabegani. Pwaa! Yai la kwanza likanipasukia sikioni. Pwaa! La pili. Unga ukanijia usoni. Na wimbo ukaanza, ule wa kumkaribisha msomi mpya, ambao maneno yake siwezi kuyarudia mbele ya mtu aliyenizaa.

Nikakivua kitambaa. Watu walikuwa zaidi ya thelathini! Wenzangu wa nyumba, wa darasani, wa kwaya, hata yule fundi baiskeli wa mtaani. Mbele yao wote alisimama Ludovica, rangi mpaka kwenye nyusi, yai mkononi, mkono umeshavutwa nyuma. Na nyuma ya Ludovica alikuwa baba, joho limepanda mpaka magotini, chupa ya karanga ameinua juu ya kichwa chake kama rungu.

"Ludo! Nyuma yako!"

Ludovica akageuka. Akaiona ile chupa, akayaona yale macho. Mwingine angekimbia. Yeye alinionyesha kwa kidole na kupaza sauti yake yote ya milimani:

"Sido bene! Bene! Bene!"

Baba akaganda. Chupa ikabaki hewani. Nilimwona anainamisha kichwa kidogo upande, vile anavyofanya akisikiliza injini yenye hitilafu.

"Sauti hiyo," akasema polepole, "naijua. Mwambie aseme tena."

"Sema tena, Ludo!"

"Sido bene," akasema Ludovica, safari hii kwa sauti ndogo, maana na yeye alikuwa ameanza kuogopa.

Baba akaishusha chupa. Akaitazama, akamtazama yule binti kutoka nyusi za rangi mpaka viatu vya unga. Halafu akamkabidhi ile chupa kwa mikono miwili, kama anavyomkabidhi mtu leseni aliyoihangaikia.

"Nusura nikuue na zawadi yako mwenyewe," akasema. Boris, ambaye kumbe kazi yake ya Ijumaa ilikuwa kubeba trei za mayai, akamfasiria. Watu wakaangua kicheko, Ludovica akamkumbatia baba, na joho la buluu likapata unga wake.

"Lakini wanamfanyia nini mwanangu?" baba akauliza. "Na hicho alichovaa ni kitu gani?"

Mimi mwenyewe ndipo nikajitazama. Walikuwa wamenivika gari la makasha ya karatasi, na taa za vifuniko vya sufuria. Ubavuni wameandika kwa herufi kubwa: SHULE YA UDEREVA TCHINDA, BAFOUSSAM. Na chini yake namba ya simu ya ofisini kwa baba. Yenyewe, haikukosewa hata tarakimu moja.

Baba akaisoma ile namba kwa kidole, moja moja.

"Nani kawapa?"

"Mzee, namba hiyo iko mlangoni pa friji yao miaka mitatu," akajibu Boris. "Kila anayefungua friji anaijua kwa moyo. Mimi hasa."

"Na ofisi yangu?"

"Hiyo ofisi tunaijua kuliko ofisi za hapa! Yule karani wako anayesinzia, na lile gari la bluu linalowaka kwa kusukumwa. Jioni zote tunasimuliwa. Ludovica anasema akija Bafoussam atafika kwako bila kuuliza njia."

Wakanigeuza nitazame ukutani. Mungu wangu, papiro langu! Refu kuliko mlango kweli. Wamenichora na kichwa kama boga na makoti saba, moja juu ya jingine, niko juu ya baiskeli, mdomo wazi. Ludovica akanipa glasi.

"Soma, mama mhandisi. Na usidonoe maneno!"

Nikasoma:

"Kaibiwa baiskeli, kalia siku ya pili,
kauziwa mtaani, ni ile ile ya kweli!"

"Wanasema nini?" baba akauliza.

"Wanasema mimi ni mchapakazi, baba."

"Mzee, huyo ni mwongo," akadakia Boris. "Alinunua baiskeli yake mwenyewe kwa mwizi wake mwenyewe, akatufanyia na sherehe. Tuliigundua kwa ile kengele."

"Mwongo anywe!" wakapiga kelele wote. Nikanywa. Nikaendelea:

"Kapewa kumi na tisa, wenzake wote: Kataa!
Kamwinamia profesa, kamuombea jamaa!"

Hii nayo ilikuwa kweli tupu. Kule kwetu nani anakataa alama? Pale mtihani una alama thelathini, na mwanafunzi akipewa kidogo husema, "Asante, sizitaki," akarudi mwezi unaofuata. Mimi mwaka wa kwanza, darasa zima nyuma yangu linanikonyeza nikatae, nilimshika mwalimu mkono nikamtakia baraka yeye na kizazi chake chote. Boris alimweleza baba yote, hakuacha hata nukta, msaliti mkubwa. Na baba, mwenzangu, akaanza kutikisika mabega. Nilidhani analia.

Alikuwa anacheka. Baba yangu, ambaye kwenye arusi huwa anatabasamu mara moja tu, wakati wa picha.

"Gonga na mgongoni!" mtu akafoka kwa sauti kavu. "Mgongoni hajapata kitu! Vijana gani nyinyi?"

Ni Bibi Ines. Ameketi kwenye kiti cha jikoni kwake walichombebea, fimbo mapajani, na kwenye fimbo ametundika taji langu la majani. Kumbe ndiyo haraka yake ya asubuhi! Aliniita, nikainama, akanivika mwenyewe kwa vidole vyake vinavyotetemeka.

"Mwambieni baba yake," akasema, "mwaka juzi nilianguka bafuni. Hakuna aliyejua. Huyu ndiye aliyeshangaa kwamba hakuna wa kumwamkia, akaja na fundi wakavunja mlango."

Boris akafasiri, taratibu safari hii. Kicheko kilipungua. Baba akaenda mbele ya kile kiti, akapiga goti moja, joho na dhahabu zake, akamshika yule bibi mkono. Nilijua anafikiria swali lake la Alhamisi, kwamba nikianguka nani ataniokota, na hakutegemea kujibiwa kwa namna hiyo.

Aliposimama, alikohoa kidogo, akaligeukia papiro.

"Boris, waambie wamesahau moja."

"Baba, usithubutu!" nikasema.

"Nyamaza wewe, uko mafunzoni. Waambie hivi. Mtoto huyu ana miaka tisa, aliingia kwenye gari langu nikiwa nakunywa chai, akaachia breki ya mkono. Gari likarudi kinyumenyume, taratibu, limejaa heshima, mpaka kwenye kibanda cha muuza mayai. Trei kumi na mbili! Yeye ndani ananipungia mkono."

Watu walilala chini kwa kicheko. Ludovica akachukua kalamu nene akaiandika palepale, pembeni mwa kichwa changu cha boga.

"Siku ile," baba akaendelea, "nilitafuta walau yai moja zima nimpasulie kichwani. Sikupata. Yote yalikuwa yamevunjika."

Ludovica akaingiza mkono kwenye trei. Lilikuwa limebaki moja. Akalifuta na nguo yake, akampa baba kwa mikono miwili, kama alivyopewa karanga.

Baba akalipokea. Akanisogelea, nami nikasimama pale na gari langu la makasha, nimeganda.

"Boris," akasema bila kuniondolea macho, "waambie walibandue hilo karatasi vizuri, lisichanike. Naondoka nalo. Litatundikwa ofisini."

"Mzee, ni refu kuliko wewe! Kwenye ndege utaliweka wapi?"

"Lina kiti."

"Kiti gani, baba?" nikauliza.

"Si nina tiketi mbili?"

Nikautazama mguu wake wa kulia. Ulikuwa umetulia kabisa.

"Miaka miwili, mama," akasema. "Ikizidi hata siku moja, nakuja kukuchukua." Na akalipasua lile yai juu ya taji langu, kwa nguvu kuliko nilivyotarajia, ute ukanishuka mpaka kidevuni, na Bibi Ines akapiga makofi akisema naam, hivyo ndivyo inavyotakiwa.